Mama wa Ilembo anayepalilia vijiti vikavu

Saa moja kasoro asubuhi. Jua la Oktoba bado halijapanda juu ya mabati ya Ilembo, mtaa wa mji wa Mpanda, lakini vumbi limeshaamka. Romana Evodi ameinama na jembe, anakwangua nyasi kuzunguka kipande cha ardhi ambacho kwa mtu anayepita njia hakina kitu chochote.

Ukisogea ndipo unaviona. Ni vijiti. Vimesimama kwa mistari iliyonyooka, kimoja kila baada ya hatua mbili, vya rangi ya kijivu, bila jani hata moja. Vingi havizidi unene wa kalamu. Ukikigusa kimoja ncha yake inakatika na kubaki mkononi.

Kazi ya asubuhi hii ni kutengeneza njia ya kuzuia moto, upana wa hatua nne, kuzunguka eneo zima. Msimu huu watu wanachoma mashamba kila upande na moto hauulizi mpaka ni wa nani. Romana anakwangua, anakusanya nyasi kwa mguu, anasonga mbele.

Jirani yake, Épiphanie, anapita na ndoo ya maji kichwani. Anapunguza mwendo.

"Mama Glory, bado unapalilia makaburi?"

"Bado. Pita haraka na hiyo ndoo, wasije wakaamka wakakuomba maji."

Wote wawili wanacheka. Épiphanie, ambaye wazazi wake walitoka Burundi na yeye akazaliwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, amekuwa akimtania hivyo kwa miaka mitatu na hajachoka.

Vijiti hivyo ni miche ya mninga. Kwa hesabu ya Romana iko 612. Na Jumamosi ya wiki hii mkutano wa mtaa utaamua kama itabaki hapa au kama eneo hili, robo tatu ya ekari, litapewa kikundi cha wafyatua matofali. Masharti aliyopewa mwaka 2020 yalikuwa mafupi: eneo ni la kupanda miti, na likikutwa halina miti linarudi mtaani.

"Wanaosema haina uhai siwalaumu," anasema mama huyu mwenye miaka 53, akijipangusa jasho kwa ncha ya khanga. "Hata mimi niliwahi kusema hivyo. Tena mimi nilifanya vibaya kuliko wao."

Kitanda cha Glory

Romana ni Mpimbwe, mzaliwa wa Usevya, mtoto wa wakulima wa mpunga. Alikuja Mpanda akiwa binti, akaolewa na Kassiani Leodgar, fundi seremala mwenye karakana ndogo Kashaulili. Kwa miaka karibu thelathini Kassiani alijulikana kwa kitu kimoja, vitanda vya mninga. Kuna familia mjini hapa ambazo baba, mwana na mjukuu wote wamelala juu ya kazi ya mikono yake.

Mwaka 2020 binti yao mkubwa, Glory, akapata mchumba. Kassiani akatangaza kwenye kikao cha harusi kwamba kitanda asiguse mtu, hicho ni chake. Alitafuta mbao za mninga zenye kibali kwa wiki tatu. Alizopata zilikuwa nyembamba, zimepinda, na bei yake ilimfanya akae chini kwanza.

"Siku hizi mninga unaufuata mbali, na ukiupata ni mti mdogo ambao zamani tungeuacha ukue," anasema Kassiani, mwanaume mpole anayeongea huku akikagua ncha ya penseli yake. "Nikatengeneza cha paini. Nikapaka vanishi ya rangi ya mninga. Nilijua kupaka, nikasema hakuna atakayejua."

Glory alikulia kwenye maranda ya karakana ile. Alipitisha kiganja juu ya ubao wa kichwani, akamwangalia baba yake.

"Alisema tu, 'Baba, hii ni paini.' Hakukasirika. Hata alinishukuru," anasema Kassiani. "Ningeona nafuu kama angekasirika."

Romana alikuwepo mlangoni. Anasema usiku ule mumewe hakula, na yeye aliamka asubuhi akiwa ameshaamua kupanda mninga. Mumewe alimuuliza mninga unachukua miaka mingapi kutoa mbao za kitanda. Akajijibu mwenyewe kwamba themanini, labda mia. Mkewe akamwambia basi wamechelewa, waanze.

Aliyoyajua kutoka kwenye tumbaku

Romana hakuanza bila ujuzi. Kwa miaka kumi na minne alifanya kibarua kwenye vitalu vya tumbaku, na mikono yake ilijua kuotesha. Hadi leo riziki yake inatoka kwenye miche: anauza mipapai, miembe na mipasheni sokoni Kashaulili, na mwezi ukiwa mzuri anabakiwa na Sh120,000 hivi.

Mninga ulimgomea tangu mbegu. Tunda lake ni bapa, kama chapati ndogo, na katikati lina miiba migumu iliyosongamana. Mbegu imo humo ndani, moja au mbili. Alijaribu kisu, akajikata kidole gumba. Akajaribu nyundo, akaponda mbegu. Mwishowe Kassiani, aliyekuwa akijifanya hayamhusu, akamletea jiliwa la karakana, lile la chuma la kubania mbao. Analibana tunda pembeni taratibu mpaka lifunguke. Kwa njia hiyo, kwa mchana mmoja, wanapata mbegu thelathini.

Novemba mwaka huo akapanda moja kwa moja ardhini, mistari kumi na miwili, kwa sababu aliambiwa mzizi wa mninga hukimbilia chini na haupendi kuhamishwa. Ilitoka miche 468. Masika yote ilikuwa ya kijani, inafika magotini, na Romana alikuwa akipita hapo na wageni wake kuwaonyesha.

Ilipofika Juni majani yakawa ya njano. Julai yakapukutika. Kisha shina lenyewe likakauka kutoka juu kwenda chini, mche baada ya mche, mstari mzima.

Kwenye kitalu cha tumbaku kuna sheria ambayo kila kibarua anaijua kabla hajajua jina la mwenye shamba: mche ukinyauka ng'oa, choma, nawa mikono ndipo uguse mwingine. Ukiuhurumia mmoja, unapoteza kitalu.

Romana akachukua jembe. Aling'oa mistari kumi na mmoja kwa siku mbili, na mizizi yake, akarundika, akachoma.

"Nilipokuwa nang'oa niliona mizizi imenenepa. Minene kweli, kuliko shina," anakumbuka. Anasimama kwanza, anaangalia pembeni. "Kwenye tumbaku mzizi ukivimba ni minyoo. Nikasema si unaona, ugonjwa ndio huu. Nikaongeza kuni."

Mstari wa kumi na mbili hakuufikia. Ilikuja simu kutoka Usevya kwamba mama yake amefariki. Akaacha jembe palepale, akaenda msibani, na baada ya arobaini akabaki kuvuna na kugawa vilivyoachwa. Aliporudi Mpanda mvua zilikuwa zimeshaanza, na hakuwa na hamu ya kuliona lile shamba. Alipita Desemba, kwa ajili ya kutafuta jembe lake.

Mstari wa kumi na mbili ulikuwa wa kijani. Miche thelathini na nane. Kila mmoja ulikuwa umetoa chipukizi jipya kutoka ardhini, pembeni ya kijiti chake kilichokufa.

"Nilikaa chini. Nililia, nitakudanganya kwa nini? Watu waliopita walidhani nalia mama, na kweli nilikuwa nalia mama, lakini nilikuwa nalia na ile mia nne na thelathini. Niliichoma ikiwa hai, kwa mikono yangu, nikanawa na sabuni."

Afisa misitu mmoja alimweleza baadaye kile ambacho mstari ule ulikuwa umeshamwambia. Mche wa mninga hufa juu kila kiangazi, kwa miaka mingi mfululizo, na wakati huo wote unajenga mzizi. Siku mzizi ukitosha, shina linapanda na halirudi tena chini. Hakuna anayeweza kukuambia ni mwaka upi.

Tangu hapo amepanda kila Novemba, mistari ileile aliyoiangamiza na mingine mipya. Na kila kiangazi anapalilia vijiti.

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Mwenyekiti wa mtaa, Damiano, si mtu wa kupenda ugomvi. Anapokea wageni kwenye ofisi yenye meza moja na benchi, na anajibu kila swali kwa utaratibu.

"Mimi siyo adui wa miti," anasema. "Lakini vijana wana kikundi, wana barua, wanataka eneo wafanye kazi. Nimekwenda pale Agosti, nimekwenda Septemba. Naonyeshwa vijiti, naambiwa ni msitu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Je, masika hakwenda? Damiano anatabasamu kidogo. Masika, anasema, kila mahali Ilembo ni kijani, nyasi zinafika kiunoni, na nani ana muda wa kutenganisha mche na gugu? Ni kiangazi ndipo mtu anaona wazi nini kipo na nini hakipo.

Ni hoja nzuri, na Romana anaijua. Mvua za uhakika haziji kabla ya katikati ya Novemba. Mkutano ni Oktoba. Hakuna jani atakalolionyesha.

Ijumaa alasiri aliwaza mbele ya Kassiani na mwandishi wa makala haya, kwa sauti, kama anayepanga bei ya kitu asichotaka kuuza. Njia ilikuwa moja. Afukue mche mmoja, aupeleke. Na usiwe wa mwaka jana ambao mzizi wake ni kama karoti. Uwe kati ya ile thelathini na nane, ambayo sasa imebaki thelathini na tatu.

"Ukiufukua utakufa," Kassiani alimwambia.

"Naweza kuurudisha."

"Mzizi wa miaka mitano? Hautarudi, Mama Glory. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Romana aliinuka. Alikwenda kunoa sururu.

Shimo la Jumamosi

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi wako shambani wote wawili. Romana anatembea kwenye mstari wa kumi na mbili, anarudi, anatembea tena. Anachagua mche wa tisa. Anasema hajui kwa nini wa tisa, labda kwa sababu uko mbali na njia na hatauona kila siku.

Wanachimba kwa zamu, kwanza kwa sururu, kisha kwa koleo dogo, kisha kwa mikono. Ardhi ya Oktoba ni ngumu kama tofali. Kijiti cha juu kimeshavunjika, hakina kazi. Chini yake, karibu na uso wa ardhi, mzizi una unene wa mkono wa mtoto, na unazidi kunenepa unavyoshuka. Baada ya saa moja na nusu shimo linamfika Kassiani kifuani akiwa amepiga magoti ndani yake, na mzizi bado unakwenda.

Ncha yake inakatika. Wamejitahidi, lakini inakatika, na kwenye jeraha linajitokeza tone jekundu, zito, kisha la pili. Linamdondokea Romana kwenye kiganja.

"Pole," anasema Kassiani. Haijulikani anamwambia nani.

Wanaufunga mzizi kwenye gunia lililoloweshwa, wanauweka kwenye toroli.

Mkutano unaanza saa nne kwenye kibanda cha bati kando ya ofisi ya mtaa. Wamekuja watu hamsini hivi. Vijana wa matofali wamekaa pamoja, wasafi, na barua yao iko mezani. Damiano anasoma ajenda, kisha anampa Romana nafasi.

Hana hotuba. Anafungua gunia, anaulaza mzizi juu ya meza. Ni mrefu kuliko meza.

"Huu ni mche mmoja," anasema. "Nyie mnaona kijiti juu, mimi nina huu chini. Nina mingine thelathini na mbili ya umri huu, na mia tano na zaidi inafuata."

Minong'ono inapita. Ndipo anasimama Maiko, mjumbe wa kamati, mzee mwenye koti, ambaye wengi hapa wanamjua kwa tumbaku. Anausogelea mzizi, anaukandamiza kwa kidole.

"Mama, mimi nimelima tumbaku miaka thelathini," anasema kwa upole. "Mzizi ukivimba namna hii huo ni ugonjwa. Huu mche ulikufa kwa minyoo. Shamba lako lote lina minyoo. Nakuonea huruma, lakini ndivyo ilivyo."

Vichwa vinatikisika kukubali. Katika kibanda hicho labda nusu ya watu wamewahi kushika mche wa tumbaku, na wote wanajua anachosema Maiko ni kweli. Kassiani anainamisha kichwa.

Romana anamgeukia mzee yule.

"Baba, hayo maneno ni yangu," anasema. "Niliyasema neno kwa neno miaka minne iliyopita, kule shambani. Nikachoma mia nne na thelathini. Sasa naomba kitu kimoja. Mimi siku ile sikuukata mzizi nikaangalia ndani. Wewe ukate. Una kisu?"

Maiko anacho. Anauliza kama kweli aukate. Anaambiwa akate popote anapopenda.

Anakata kipande cha juu, pale penye unene. Mtu wa tumbaku anajua anatafuta nini: vifundo, weusi, uozo. Anageuza kipande kwenye mwanga. Ndani ni peupe na safi, na kutoka kwenye ukingo wa gome utomvu mwekundu unaanza kuchuruzika polepole, unafika kwenye vidole vyake.

Maiko anafuta kisu kwenye kitambaa, anakikunja, anakirudisha mfukoni.

"Hii siyo minyoo," anasema. "Nimekosea. Hiki kitu ni kizima." Kisha anakaa.

Ni Épiphanie anayenyoosha mkono kutoka nyuma. "Mimi ndo nilikuwa namwambia anapalilia makaburi," anasema. "Naomba liandikwe kwamba nilikuwa natania."

Kicheko kinalegeza mkutano. Damiano ni mtu wa haki, lakini hawezi kuwarudisha vijana mikono mitupu kwa sababu ya mzizi mmoja. Uamuzi unaopita ni huu: wasubiri hadi tarehe 12 Desemba. Kamati itakwenda kuhesabu. Ikichipua nusu au zaidi, eneo ni la mninga kwa miaka kumi na vijana watatafutiwa pengine. Ikiwa pungufu, eneo linarudi.

"Mama Romana, una la kuongeza?"

"Ninalo. Muandike kwamba mpaka siku hiyo asing'oe mtu hata kijiti kimoja."

"Hilo sawa. Nani atang'oa?"

"Na mimi mniandike humo," anasema Romana. "Jina langu liwe la kwanza."

Damiano anamwangalia kuona kama anatania. Kisha anaandika.

Hesabu ya Desemba

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha Mpanda tarehe 17 Novemba. Kwa wiki mbili baada ya hapo, anasema Kassiani, mkewe hakulala vizuri na hakumruhusu mtu azungumzie shamba mezani. Aliendelea kupeleka mipapai yake sokoni. Jioni alipita, akaangalia, akarudi nyumbani.

Kamati ilikwenda siku iliyopangwa, watu sita, Maiko akiwa na daftari. Walihesabu mstari kwa mstari, wakainama kutenganisha mche na gugu, na kazi ile iliwachukua hadi adhuhuri. Miche 571 ilikuwa imechipua. Kwenye mstari wa kumi na mbili, miche minne ilikuwa imetoa majani juu, kwenye shina lilelile la mwaka jana, nene na la kahawia. Afisa misitu anaamini hiyo haitarudi chini tena.

Kwa simu, siku tatu baadaye, Romana alikuwa akipiga kelele kwa sababu ya mvua kwenye bati. Alisema wamefungua matunda mengine kwa lile jiliwa na ana mbegu mia mbili za kujazia mapengo. Mninga, alisema, unaweza kuanza kuzaa ukifikisha miaka kumi na mitano, ishirini. Yeye hatauona ukitoa mbao na hilo halimsumbui. Anachotaka ni kufika sabini na kitu aokote mbegu hapahapa Ilembo, bila kuomba ruhusa ya kuingia msitu wa mtu, awagawie wenye mashamba.

Na ule wa tisa? Walikuwa wameurudisha jioni ileile ya mkutano, kwenye shimo lake, mzizi ukiwa umekatwa juu na chini. Wakaumwagilia ndoo mbili.

"Haujatoka," alisema Romana. "Maiko alipofika pale akaniuliza, mama, tuuondoe upande mbegu nyingine? Nimemwambia ule mche niliusumbua mimi. Ukitaka kukaa kimya mwaka mzima una haki. Aje tena Desemba ijayo na daftari lake."